St. Augustine haikujengwa na Wahispania peke yao

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu mji wa kale wa St. Augustine, Florida, nimeisoma mara mbili. Mwandishi amesema mji ule na ngome yake ni kazi ya Wahispania, akaishia hapo. Mimi ni mwashi. Nimetengeneza nyumba za Mji wa Kale, Mombasa, kwa miaka 31, na mwaka jana nilipokwenda kumtazama binti yangu Jacksonville, alinipeleka huko tukashinda kutwa. Naomba nafasi nitie neno.

Nilipofika ngomeni niliweka kiganja ukutani kwanza. Jiwe lao, kokina, ni makombe madogo madogo ya baharini yaliyogandamana, na lilichimbwa kisiwa cha Anastasia, ng'ambo tu ya maji. Likitoka ardhini ni laini, huachwa likauke ndipo lijengewe. Nikamwambia binti yangu, hili ni ndugu wa tumbawe letu. Hata chokaa yao ilitokana na makombe ya chaza yaliyochomwa. Waingereza walipiga mizinga mwaka 1702 na tena 1740. Kuta hazikupasuka, risasi zilizama zikakwama humo humo. Ule mwaka wa 1702 mji wote uliteketezwa, watu wakasalimika ndani ya ngome.

Na mfalme ni yule yule wetu. Philip wa Pili, aliyetawala Uhispania mji ule ulipoanzishwa mwaka 1565, ndiye aliyekuwa mfalme wa Ureno pia Fort Jesus ilipoanza kujengwa mwaka 1593. Msomaji wa Mombasa angependa kuambiwa hilo.

Linaloniuma ni mikono. Ngome ilianza kujengwa 1672, na jina la mhandisi, Ignacio Daza, limehifadhiwa. Waliokata mawe na kuyabeba ni wenyeji wa Florida, Watimucua, Waguale na Waapalachee, pamoja na Waafrika waliokuwa watumwa wa mfalme. Hao makala haikuwataja hata kwa mstari mmoja.

Tena kilomita tatu hivi kaskazini mwa ngome kuna Fort Mose. Tangu 1693 mfalme wa Uhispania aliahidi uhuru kwa watumwa waliotoroka makoloni ya Waingereza wakakubali Ukatoliki, na mwaka 1738 gavana Manuel de Montiano akawapa mahali pao wenyewe, ndipo hapo Mose. Kapteni wa askari wao, Francisco Menéndez, alizaliwa Afrika Magharibi. Mwaka 1740 watu wake walikuwamo katika kikosi kilichowafurusha Waingereza walioiteka Mose. Florida ilipopewa Uingereza mwaka 1763, walipanda meli wakahamia Cuba. Ukuta wao haukubaki. Nilichokuta ni kinamasi, nyasi na ndege. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ngomeni.

Andikeni makala ya pili, Mhariri, na jina la Menéndez liwe kwenye kichwa cha habari. Picha za Mose binti yangu anazo, nitawaletea ofisini bila malipo.

Mwashi mstaafu,
Mji wa Kale, Mombasa