Perege Wako Waliogandia Karai

Dodoma, mwezi wa tisa

Shosti wangu mpendwa,

Habari za Singida? Sisi huku wazima, ila upepo unatuhangaisha; ukichelewa kuanua kanga, kaitafute kwa jirani. Nimepata ujumbe wako. Nimecheka, halafu nikakuonea huruma, maana samaki wabichi huko kwenu bei naijua, na wewe ngozi yote umeiachia karai.

Usimlaumu muuzaji. Shida ni maji. Tangu tulipokuwa Dar wewe unaosha samaki, unampaka ndimu, unamtumbukiza akiwa bado anachuruzika. Samaki aliyelowa anayapoza mafuta, joto lote linaishia kukausha maji, naye anachemka badala ya kukaangika. Hapo lazima ashike chini. Na yale mafuta yanayokurukia mikononi ni maji hayohayo yanayogeuka mvuke kwa ghafla.

Mimi nikipata perege wa bwawa la Mtera hapa sokoni Majengo, naomba aparuliwe magamba palepale. Nyumbani namchanja pande zote mbili mpaka kisu kiguse mfupa, kisha chumvi, ndimu, tangawizi na kitunguu saumu. Nusu saa inatosha, ndimu ikikaa sana nyama inalegea. Halafu nampangusa viungo vyote vilivyoganda juu, kwa sababu kitunguu saumu kikiungua kinatia uchungu karai zima. Namfuta kwa kitambaa safi, namlaza kwenye ungo kivulini penye upepo, na kawa juu kwa ajili ya nzi. Hapa ndipo sisi wa Kati tunawashinda watu wa Pwani! Hewa yetu kavu inamaliza kazi kwa robo saa. Ukimgusa, ngozi haishiki kidole. Mwangalie paka tu.

Sasa hayo mafuta yako ya alizeti ya kukamuliwa mtaani. Ni matamu, siyasemi vibaya, lakini si ya kukaangia samaki. Hayajasafishwa, yana mashapo na unyevu, ndiyo maana yanatoa povu. Tena yanaanza kufuka moshi mapema, na samaki anataka joto la karibu nyuzi 180. Alizeti iliyosafishwa kiwandani inavuka 220 kabla ya kutoa moshi. Kwa hiyo yako ungia mboga. Kama huna mengine, yaache yatulie siku kadhaa, mimina ya juu taratibu, uyapashe kwa moto mdogo mpaka povu life. Mafuta yasipite nusu ya karai.

Kujua kama yamepata moto, chovya ncha ya mwiko mkavu: vipovu vikiuzunguka upesi, weka samaki. Yakifuka moshi, epua kwanza, maana mkaa hauna kitufe cha kupunguza. Mwingize kwa kumlaza kuelekea upande wa mbali nawe, wawili kwa mara moja, usiwarundike. Halafu mikono nyuma! Najua ulivyo, utataka kumgeuza kabla hata hujakaa. Ngozi ikishakauka inajiachia yenyewe. Ukiona anang'ang'ania, bado.

Mafuta yakishika moto, Mungu apishe mbali, funika kwa sufuria au mfuniko mkubwa, usilibebe karai, na maji usiyasogeze kabisa. Watoto wakae mbali na jiko.

Unga wa ngano uliouliza, perege mwenye ngozi yake hauhitaji. Labda mnofu wa sangara, ambao hauna cha kuukinga. Wengine watabishana nami, wabishane.

Mafuta yatakayobaki yachuje yakipoa, uyawekee chupa ya peke yake, yakaangie samaki tena mara moja au mbili. Ukiyatia kwenye chapati mumeo atajua.

Na wikiendi ukija, nijulishe mapema nimwagize mtu wa Mtera. Njoo na alizeti lita tano, mboga zangu zinazisubiri.

Wako,
shosti wa Dodoma