Bao lipewe kona katika ukurasa wa chemshabongo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu mchezo wa bao, ambao kwangu ndio raha kuu ya siku, na ambao naamini unastahili kona yake katika ukurasa wako wa chemshabongo wa kila Jumapili.

Mimi ni karani wa mahesabu hapa Tanga. Kutwa nashinda na tarakimu huku simu ikilia kila mara, na ifikapo saa 11 jioni akili huwa imetawanyika kiasi kwamba siwezi kusoma hata ukurasa mmoja hadi mwisho. Hapo ndipo ninapokwenda barazani kwa muuza kahawa, nikaketi mbele ya bao lenye mashimo 32 na komwe 64, zile mbegu ngumu zitumikazo kama kete, na baada ya michezo miwili fikira zangu zinakuwa zimerudi mahali pamoja. Napenda hata ubaridi wa komwe kiganjani na mlio wake zinapodondoka shimoni moja moja.

Wapo wanaosema kwamba barazani ni mahali pa wasio na kazi, na kauli hiyo huniumiza. Nawaomba waketi watazame bao la kiswahili linavyochezwa. Kila mchezaji huanza na kete 32: 6 katika nyumba, yaani shimo kuu la safu yake ya mbele, 2 na 2 katika mashimo mawili yanayofuata, na 22 zilizobaki hukaa mkononi, akiziingiza moja moja kila zamu yake ifikapo, huko ndiko kunamua, na zikiisha huingia mtaji, yaani kucheza kwa kete zilizoko baoni tu. Anayekula kete za mwenzake huzitia moja moja upande wake kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, na ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, mkono wake haukomi: atakula tena, au atazichota zilizomo aendelee kuzisambaza, mpaka kete ilale katika shimo tupu. Kwa hiyo kabla hujagusa chochote huna budi kuupigia hesabu mzunguko wote, kisha ukadirie atakavyojibu mwenzako. Mwezi uliopita nilitupia jicho ujumbe wa simu kwa nukta chache tu, nikasahau hesabu niliyokuwa nimeishika, na nyumba yangu yenye kete 14 ikaliwa. Tangu siku hiyo simu yangu naikabidhi kwa muuza kahawa.

Mwalimu Julius Nyerere alikuwa mchezaji wa bao, na katika miaka ya 1990 mtafiti Mholanzi, Alexander de Voogt, aliandika tasnifu nzima juu ya umahiri wa mabingwa wa Zanzibar. Sioni sababu ya sisi wenyewe kuuachia mchezo huu ukose hata robo ya ukurasa, wakati mafumbo ya maneno yanatoka kila wiki.

Ndugu Mhariri, jambo lenyewe si gumu. Safu nne za tarakimu nane nane zinatosha kuonyesha kete zilivyokaa, na msomaji ataulizwa anamue shimo gani na aanzie kichwa cha kulia au cha kushoto. Jibu litoke Jumapili inayofuata. Katika daftari langu nimekwisha kunakili hali kadhaa kutoka michezo ya barazani kwetu, pamoja na majibu yake, na niko tayari kukuletea bila malipo.

Mpenzi wa bao,
Ngamiani, Tanga