Venire ni kuja, na kuja sisi tunajua

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti yenu, na usishtuke, najua barua za kutoka Kisumu huwa ni za gugumaji na barabara mbovu, yangu leo ni ya kitenzi kimoja tu cha Kitaliano.

Binti ya dadangu anataka kwenda kusomea unesi Italia na hiyo kozi inafunzwa kwa Kitaliano, kwa hivyo akajiandikisha masomo ya jioni mahali fulani hapa tauni, mahali penyewe sitapataja manake naona hii shida iko kila mahali. Jumapili moja akatoka kanisa akapitia kwangu Nyalenda na karatasi ya fotokopi imefifia upande mmoja, Kiingereza kushoto, Kitaliano kulia, kitenzi ni venire, yaani kuja, na nyakati zote zimepangwa kama daftari ya madeni ya dukani. Wameambiwa wakariri mpaka Ijumaa. Wenzake wawili walikuwa washaacha darasa juu ya hiyo karatasi. Akaniuliza, "Anko, kwani hawa watu kuja tu inataka maneno yote haya?"

Nikahesabu. Ukitoa zile nyakati zinazosaidiwa na kitenzi kingine zinabaki 7, kila moja ina nafsi 6, hiyo ni 42, na hapo bado hujagusa amri. Hata mimi ningeacha.

Mimi Kitaliano sikukisoma darasani. Nilikuwa weita Malindi miaka 11, na mtu amewahi kufika Malindi anajua kule Kitaliano mpaka muuza madafu anakiongea, na hakuna hata mmoja wetu alifunzwa kupitia Kiingereza. Tulikuwa tunatoka kwa Kiswahili moja kwa moja tunaingia kwa Kitaliano, kama mtu anayeruka mtaro. Ndio nikamwambia huyu msichana hiyo karatasi aiache kwa meza, twende Dunga tukale samaki.

Kosa lake la kwanza lilikuwa hili. Alitaka kuandika "nataka uje" akaandika "voglio tu venire". Nikamuuliza hiyo umetoa wapi, akasema ni kwa Kiingereza, manake Kiingereza kinasema nataka wewe kuja, na anatafsiri neno kwa neno. Sasa mhariri, huyu ni mtoto amezaliwa Kisumu, tangu aanze kuongea anasema nataka uje, mama amesema niende, mwambie alete. Hiyo -e ya mwisho ndio Wataliano wanaita congiuntivo. Voglio che tu venga. Nataka kwamba wewe uje. Inakaa palepale inapokaa yetu, baada ya kutaka, kuomba, kuogopa, kutumaini, ingawa yao imeenda mbali zaidi mpaka kwa kudhani, wao hata "nadhani anakuja" wanaisema na hiyo hiyo, credo che venga. Kiingereza hiyo kitu kimebaki nayo kidogo sana, ndio maana ukimfunza mtoto congiuntivo kwa Kiingereza unamfunza rangi ukimfunga macho. Huyu wangu alielewa kabla samaki iletwe.

Na adabu pia ni hivyo hivyo. Mtoto unamwambia njoo, vieni. Mgeni mwenye heshima zake huwezi mrushia njoo hivyo, unalainisha, unasema tafadhali uje huku, na Mtaliano naye kwa mtu wa heshima anaacha vieni anachukua venga, ile ile ya nataka uje. Ukimkataza mtoto ndio wanachekesha, wanasema non venire, yaani wanachukua kitenzi kizima bila kukigusa, "usije" yao ni "si kuja". Nikakumbuka vile sisi huku tunaitana "kuja hapa!" na mwalimu wa Kiswahili anatuchapa ati tuseme njoo. Wataliano wanafanya hivyo na wamekiandika kwa kitabu cha sarufi.

Halafu watu wanaogopa ati venire haifuati kanuni. Na kuja inafuata? Kuja na njoo kinachofanana ni j peke yake. Nakuja, nimekuja, lakini siji, nije, nikija, hajaja. Hiyo ku inaingia na kutoka kama paka, na Mtaliano anayesoma Kiswahili akifika kwa hajaja analia machozi kabisa, nimemwona. Sisi hatukukariri, tulisikia. Basi venire nayo ukiikatakata ni sura chache tu. Kuna vengo, nakuja, ile yenye g, na kutoka hapo unapata vengono na venga na vengano. Kuna viene, anakuja, na vieni, ambazo ie imejipenyeza. Kuna verrò, nitakuja, imemeza silabi ikaacha r mbili, na ukishika verrò umeshika verrei, ningekuja, bila jasho. Kuna venni, nilikuja ile ya zamani za hadithi, na hapo wanaopotoka ni watatu tu, venni, venne, vennero, wengine wananyooka, venisti, venimmo, veniste. Mwisho venuto, ile ya nimekuja. Zilizobaki, venivo, venissi, veniamo, venite, zinatembea kama vitenzi vingine vinavyoishia na -ire hazina fujo. Nilimwandikia hii yote nyuma ya kalenda ya mwaka jana na nafasi ikabaki ya kuandika bei ya makaa. Kuna zawadi pia, ukijua venire, intervenire, kuingilia kati, na convenire, kukubaliana, zinakufuata nyuma zenyewe, intervengo, interverrò.

Kuhusu "nimekuja" alikuwa ameandika ho venuto, tena ni Kiingereza hicho, mtu "ana" kuja. Wao kwa kuja wanatumia kuwa, sono venuto, niko nimekuja, na kama ni mwanamke anasema sono venuta, wanaume siamo venuti, wasichana le ragazze sono venute. Akalalamika mbona neno linabadilika mkia kila saa. Nikamwambia wewe mtoto wa ngeli unalalamika? Mtoto amekuja, kiti kimekuja, gari limekuja. Akacheka, manake ukweli huku kwetu kila kitu tunasema imekuja, gari imekuja, kiti imekuja, mpaka mgeni ikibidi imekuja. Lakini angalau tunajua tunakosea.

Sitaki kudanganya wasomaji, Kiswahili nacho kuna mahali kinakuangusha. Sisi tunasema ningekuwa na pesa ningekuja, nge huku nge huku. Mtaliano hataki hivyo, upande wa "kama" anaweka congiuntivo ya zamani na upande wa pili ndio nge, se avessi i soldi verrei. Ukisema se avrei, yaani uweke nge upande wa "kama", umeharibu, na hata watoto wao wenyewe wanaharibu hapo hapo wanakaripiwa. Ya pili ni ngali. Ningalikuja, sarei venuto, imepita haiwezi kurudi. Hiyo ngali sisi tuliiacha kwa vitabu, mtaani ni ningekuja tu kwa yote mawili, kwa hivyo mtu wetu anachanganya verrei na sarei venuto, na dawa niliyoipata ni kurudisha ngali kwa mdomo. Wiki nzima nilimlazimisha huyu msichana aongee na ngali nyumbani. Ningalikula. Ningalilala. Dadangu akanipigia simu kuuliza mtoto amekuwa shehe lini.

Na kuna ile ilinipata mimi mwenyewe Malindi mwezi wa kwanza wa kazi. Mzee mmoja Mtaliano ameniagiza kahawa, nikamwambia vengo, nikageuka nikaenda jikoni. Si unajua vile tunasema "nakuja" tukiwa tunaondoka? Yule mzee akaniita kwa sauti meza zote zikasikia, "Ma vieni o vai?" Unakuja ama unaenda? Kwake vengo ni kusogea kwake, na mimi ananiona mgongo. Ningalisema torno subito, narudi saa hii. Lakini ukimwambia mtu kwa simu kesho nitakuja kwako, hapo Kiswahili na Kitaliano ni ndugu, domani vengo da te.

Hizi vitu hazikuwa kwa ile fotokopi. Haikuwa na quanto viene, inakuja ngapi, ndivyo wanauliza bei, na pale Dunga msichana alimuuliza mama wa samaki hivyo, yule mama akajibu 500 bila kufikiri mara mbili, sijui alielewaje. Haikuwa na mi viene sonno, yaani usingizi unanijia, ama mi viene in mente, limenijia kwa akili, ambazo ni Kiswahili kitupu kimevaa suti.

Sasa ombi langu kwako mhariri. Gazeti yenu ni ya Kiswahili na nyinyi mna kurasa za lugha, watoto wetu wanaenda Italia, wengine Ujerumani, na wote wanapitishwa kwa Kiingereza kwanza kama hiyo ndio stej ya magari yote. Tengeni hata robo ukurasa kwa wiki, kitenzi kimoja, Kiswahili upande huu na lugha ya watu upande ule, watu wa Malindi wakichangia na walimu wakirekebisha. Na wenye hayo madarasa ya jioni, fotokopi wekeni lakini iwe na "uje" karibu na "venga", wino ni ule ule.

Huyu msichana bado hajafanya mtihani kwa hivyo sitajigamba. Lakini juzi nilitoka nikaenda Kibuye kununua spea, nikarudi nikapata ujumbe kwa simu: "Anko, sono venuta ma non c'eri. Se avessi saputo, sarei venuta domani. Omena iko kwa mlango." Nimekuja lakini hukuwako, ningalijua ningalikuja kesho. Nimeusoma mara tatu nikitafuta mahali pa kutia wino nyekundu, sikupata, na omena nayo paka ya jirani ilikuwa ishaipata.

Weita wa zamani,
Nyalenda, Kisumu