Siyo bahasha iliyowaangusha Wamarekani

Mwanza, Jumapili mchana

Ndugu yangu,

Salaam nyingi, na shikamoo yangu umfikishie Mama. Huku wote wazima. Ziwa lilichafuka wiki nzima, tangu jana limetulia. Najua nimekaa kimya mno, ila ujumbe wako wa juzi haukai kooni: eti kwenye Kombe la Ryder, yale mashindano ya gofu ya Ulaya na Marekani, Ulaya walizawadiwa nusu pointi mwaka 2025 kule Bethpage, New York, na Mwalimu anawatangazia watu kijiweni kwamba mashindano ya mataifa yanayoamuliwa na bahasha si mashindano. Shemeji anapanda meli ya Bukoba usiku huu. Nampa barua, maana hili halitoshi kwenye simu.

Bahasha yenyewe iko hivi. Kabla ya michezo ya Jumapili kila kapteni anaandika jina la mchezaji wake mmoja na kulifungia. Upande wa pili ukipata majeruhi, yule aliyeandikwa anapumzishwa na pambano linahesabiwa sare, nusu kwa nusu. Mwaka 2025 aliyeumia ni Viktor Hovland wa Ulaya, shingo. Jina la Wamarekani lilikuwa Harris English. Kapteni wao Keegan Bradley alisema sheria hiyo ibadilishwe, na hapo namuunga mkono kabisa: timu isiyoweza kumleta mtu uwanjani ipoteze pointi nzima. Lakini Mwalimu achukue chaki. Mwisho ulikuwa 15 kwa 13. Wape Wamarekani pointi nzima ya Hovland, inakuwa 14½ kwa 13½. Kombe la Ryder bado ni la Ulaya.

Sasa atafute walipopotelea. Pointi zote ni 28: Ijumaa na Jumamosi mapambano manane kila siku, wawili kwa wawili, kisha Jumapili kumi na mawili ya mtu kwa mtu. Jumapili Wamarekani walishinda 8½ kwa 3½! Tatizo walilala wakiwa 4½ dhidi ya 11½. Pengo kubwa kuliko yote lililowahi kuzibwa Jumapili ni pointi nne, 10 kwa 6: Marekani waliliziba kwenye uwanja wa Brookline mwaka 1999, Ulaya wakafanya hivyo kwenye uwanja wa Medinah mwaka 2012. Hawa walidaiwa saba. Na nne kati ya hizo saba zilitoka asubuhi mbili tu za mpira wa zamu, 3 kwa 1 Ijumaa na 3 kwa 1 Jumamosi.

Huo mpira wa zamu ndio nataka umweleweshe, kwa sababu televisheni inaupita haraka. Watu wawili, mpira mmoja. Mmoja anaanzisha mashimo ya witiri, mwenzake ya shufwa, na katikati wanapokezana hadi mpira uzame. Adhabu haibadilishi zamu: wewe ukiupeleka nje ya mipaka, mwenzako ndiye anayerudi kupigia palepale ulipopigia. Akipiga asiye na zamu, shimo limekwenda. Kwa hiyo kabla ya kugawana witiri na shufwa unatazama mashimo mafupi, yale ya mikwaju mitatu, yameangukia namba zipi. Anayeaminika kwa fimbo za chuma unampa hizo. Halafu kuna mpira wenyewe. Kila mchezaji amezoea aina yake, namna unavyozunguka na unavyosimama kwenye grini, yale majani mafupi yanayozunguka shimo. Katika Kombe la Ryder wanaruhusiwa kubadili aina kila wanapoanza shimo jipya, basi mara nyingi wanaanza na ule wa atakayepiga mkwaju wa pili, kwa kuwa ndiye anayehitaji umbali kamili. Na ugonjwa mkubwa ni kupoa. Mtu anaweza kupita mashimo matatu hajagusa mkwaju wa kuzamisha, kisha anaachiwa mmoja wa mita mbili, mikono imeganda.

Ndiyo maana watu hawaunganishwi kwa majina makubwa. Ijumaa asubuhi English alipangwa na Collin Morikawa dhidi ya Rory McIlroy na Tommy Fleetwood wa Ulaya. Wakafungwa 5 na 4, yaani mashimo matano nyuma yakiwa yamebaki manne. Jumamosi asubuhi wakarudishwa walewale wawili, wakakutana na walewale, wakafungwa 3 na 2. Pointi mbili nzima hizo, na English yuleyule. Mwalimu anamlilia kwa nusu ya Jumapili!

Kuhusu wale vijana wako wa shule, waanze na huu huu mpira wa zamu, nao unaokoa mipira. Shimo liwe na upana wa milimita 108 na kina kisichopungua milimita 102. Pima kwa rula, usikadirie kwa kopo, kwani likizidi kidogo tu kila mtu anaonekana bingwa. Wacheze shimo kwa shimo, wasijumlishe mikwaju: anayeharibu vibaya anapoteza shimo moja tu, hakati tamaa. Mchana upepo unatoka ziwani. Anayeupiga mpira kuuelekea achukue fimbo ndefu zaidi na apige polepole, maana nguvu zinaongeza mzunguko na mpira unapaa badala ya kwenda.

Uwanja mmeshaufyeka? Fimbo mnazo ngapi, na kuna za mkono wa kushoto? Yule binti wa kidato cha pili uliyemsifu bado anakuja? Mpange na mtu mtulivu, tafadhali, siyo na kaka yake. Na ile televisheni ya kijiweni itakuwa imepona kufikia Septemba 2027, Kombe la Ryder likienda uwanja wa Adare Manor kule Ayalandi? Saa zao ziko mbili nyuma yetu, hatutakesha kama safari hii. Senene wameanza kuanguka? Mpe Shemeji kopo moja akirudi, na jibu la Mwalimu kwa maandishi.

Wako,
wa Kirumba