Taarifa ya mwenyekiti: Rottweiler wetu na ajiliti, mwaka mzima uwanjani

Ndugu wanachama, habari zenu na poleni na majukumu. Hesabu atawasomea mweka hazina mwenyewe, mimi niseme tu kwamba ada zenu karibu zote zimeishia kwenye mbao na mabomba ya vizuizi na hatudaiwi na mtu. Muda wangu nautumia kwenye lile swali lililotugawa mkutano uliopita: Rottweiler, mbwa wa kukaa getini na kibao cha Mbwa Mkali, ajiliti, ule mchezo wa mbwa kuruka na kupita vizuizi kwa kasi akiongozwa na mwenyewe, anaiweza?

Anaiweza, ila sio kila Rottweiler, na sio kwa vipimo vya mbwa wepesi.

Watu wanasahau huyu mbwa hakuanzia getini. Kule Rottweil, Ujerumani, alikuwa anaswaga ng'ombe wa wachinjaji na kuwakokotea mikokoteni, kazi ya kutwa nzima ya kumsikiliza mtu, ndo maana anashika haraka na anafurahi akifanya kazi na wewe. Marekani wapo waliofika mpaka ubingwa wa ajiliti wa AKC, chama cha mbwa cha huko. Kwa hiyo akili ipo jamani, shida ni mwili. Dume anafika kilo 50 na begani ana sm 61 mpaka 68, sasa tunneli ya FCI, shirikisho la kimataifa la mbwa, ina kipenyo cha sm 60, yaani lazima ajikunje ndo apite, na daraja lina upana wa sm 30 tu. Kwenye daraja wetu wamenishangaza kwa kweli, wanakanyaga taratibu kwa uangalifu utadhani wanahesabu hatua. Kwenye kuruka ndo kuna hatari. Kundi la mbwa wakubwa fito inakaa sm 55 mpaka 60, Border Collie, yule mbwa mwepesi wa kuchunga kondoo, anapita hapo bila kuhangaika, ila kilo 50 zikitua zote zinaangukia miguu ya mbele, mabega na viwiko, na akikata kona kwa kasi goti la nyuma linajipinda, na hawa tayari wanajulikana kwa matatizo ya nyonga, viwiko na kukatika kano ya goti.

Hili nalisema kwa uchungu. Mbwa wangu Bosi nilimwanzisha kuruka ana miezi 9, nilimwona mkubwa nikajua kakomaa, kumbe mifupa ya mbwa wakubwa inaweza kuendelea kukua hadi karibu mwaka na nusu. Akaanza kuchechemea, eksirei ikaonyesha nyonga mbovu, na aliyeniuzia alishaniapia wazazi wote wawili walipigwa picha, cheti mpaka leo sijakiona. Saa hizi Bosi anatembea na mimi jioni, basi, kuruka ndo imeisha. Sitaki mwanachama mwingine yamkute.

Kwa hiyo kamati inaomba mpitishe haya. Chini ya miezi 18 hakuna kuruka, hata FCI hawaruhusu mbwa wa umri huo kushindana, watoto wa mbwa wacheze na fito iliyolala chini na ubao uliowekwa ardhini. Kabla ya kuruka kila mbwa apigwe picha ya nyonga na viwiko, na fito zetu zisizidi sm 40 hata kwa dume kubwa. Halafu uzito, hapa najua wengine mtanichukia, lakini mbwa ambaye ukimpapasa mbavu huzisikii huyo ni mnene na sio wa kusifiwa, apunguzwe kwanza.

Kingine ni tabia. Uwanjani mbwa hana kamba na refa anakimbia karibu yenu, mtu asiyemjua kabisa, na mbwa aliyezoea kufungiwa bandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku anamwona huyo kama mwizi. Wa hivyo tusiwafungulie kwanza, waletwe na kamba wakae pembeni wazoee watu, hata ikichukua miezi. Hiyo sio adhabu kwa mwenye mbwa.

Na joto la Dar mnalijua, mbwa anapoa hasa kwa kuhema, na huyu ni mweusi tena mkubwa. Mazoezi ni saa 12 asubuhi, kabla ya saa 2 tumemaliza. Anayefika saa 3 nitamrudisha, nisameheni mapema.

Jumamosi ijayo tunaanza na kupima uzito, mizani iko kwa katibu. Kila mtu aje na maji na bakuli la mbwa wake.