Malalamiko: mandolini yangu mmeifunga nyuzi za gitaa

Tanga,
12 Machi 2024

Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja,
Duka la Ala za Muziki,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MANDOLINI KUFUNGWA NYUZI ZISIZO ZAKE NA DARAJA KUWEKWA KINYUME

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 19 Februari niliwatumia mandolini yangu kwa basi la asubuhi, ikiwa ndani ya kasha lake, nimeizungushia khanga mbili. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kubadilisha nyuzi nane na kuifuta vumbi. Nililipa kwa simu Sh 95,000 za nyuzi na Sh 40,000 za ufundi. Kwenye risiti mmeandika wenyewe: "nyuzi za mandolini, bronzi ya fosfa, 11–40". Baada ya siku tisa ilirudi. Nikaipakata, nikapiga kodi ya kwanza, yaani sauti kadhaa kwa pamoja, na mjukuu wangu aliyekuwa akila uji akauliza, "Babu, imeharibika?"

Nilianza na nyuzi. Jirani yangu ni fundi wa mashine, ana mikromita, chombo cha kupimia unene. Tukapima moja moja pale barazani. Uzi wa E, ulio mwembamba kuliko zote, ulipaswa kuwa na unene wa sehemu 11 za elfu za inchi, kumbe ni 12. Wa G, ulio mnene kuliko zote, uliopaswa kuwa 40, ni 32. Hizo ni namba za seti ya gitaa la akustika, tena nyepesi, ambayo mmeichambua mkachagua zinazokaribiana. Labda mtaona sehemu moja ya elfu ya inchi si kitu. Lakini uzi ukiongezeka kutoka 11 hadi 12, kuufikisha kwenye sauti ileile kunahitaji mvuto zaidi kwa karibu asilimia 20, na mandolini ina E mbili, si moja. Huku upande wa pili, G zenu zimepungukiwa na mvuto kwa karibu theluthi. Zinalegea kama kamba ya kuanikia nguo. Kwa hiyo juu inauma vidole, chini inapwaya. Hakuna mkono unaoweza kupatanisha hayo.

Halafu namna zilivyofungwa. Uzi wa mandolini huishia kwenye kitanzi, nacho hutundikwa kwenye kulabu ndogo za bamba la chuma lililo mkiani. Uzi wa gitaa huishia kwenye kishanga. Fundi wenu aling'oa vishanga, akapiga mafundo kama anayefunga mbuzi wa Idi. Siku ya tatu E moja ikakatika, na haikukatikia juu kwenye vigingi wala pale inapokutana na risha. Ilikatikia palepale kwenye fundo.

Lililonikera kuliko yote ni daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi juu ya kifua cha ala. Naomba hapa mnivumilie, maana nadhani ndipo lilipo tatizo lenu hasa. Daraja la gitaa la akustika limegundishwa kwa gundi. Ukitoa nyuzi zote sita kwa mpigo, linabaki lilipo. La mandolini halikugundishwa popote. Limesimama juu ya ubao wa kifua kwa kukandamizwa na nyuzi tu, na ukizitoa zote kwa pamoja linaanguka. Ndiyo maana mtu mwenye mandolini hubadilisha uzi mmoja mmoja, wa zamani ukitoka mpya unaingia. Fundi wenu alizitoa zote. Nimejuaje? Kwa sababu daraja limegeuzwa: vile vingazi vilivyochongwa juu yake, ambavyo kila jozi ya nyuzi ina chake, sasa vinaelekea upande usio wao. Na halikurudishwa mahali pake. Kutoka kizingiti cha kichwani hadi freti ya 12 (freti ni vile vijiti vya chuma vilivyopangwa shingoni) ni sentimita 17.6, kutoka hapo hadi darajani panapaswa kuwa hivyohivyo, na nyongeza kidogo sana. Mimi nilikuta limesogezwa mkiani kwa milimita 5 zaidi. Ukipiga uzi mtupu, sauti ni sawa. Ukibana freti ya 12, sauti inabaki nyuma kwa robo ya nusu toni. Ninyi mnauza vifaa vya kutyuni, kitoeni kimoja kwenye sanduku mjaribu.

Nilipiga simu Jumatatu. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu, sina neno naye, akaniita mzee na kunipa pole. Ila akasema: "Mzee, si hiyo ni gitaa dogo tu? Zote ni nyuzi za chuma."

Hapana. Mandolini si gitaa dogo. Nyuzi zake hutyuniwa G, D, A, E kama fidla, na zinakwenda mbili mbili, jozi nne. Mtu wa pwani angepaswa kulielewa hilo upesi, kwa kuwa udi nao una jozi. Nyuzi mbili za jozi zisipolingana kabisa, sauti inachafuka, na huwezi kuficha.

Tena mimi napiga blugrasi, muziki wa jimbo la Kentucky, Marekani. Mwaka 1994 mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka Marekani alirudi kwao akaniachia kaseti ya Bill Monroe na bendi yake, Blue Grass Boys, ambayo ndiyo iliyoupa muziki huo jina. Watu hapa wanamjua Jim Reeves na Dolly Parton, na wakinisikia wanadhani nimekosea mwendo kwa jinsi ninavyokimbia. Katika bendi ya blugrasi ya asili hakuna ngoma. Mandolini ndiyo inayofanya kazi ya ngoma: pigo la pili na la nne unakata kodi kavu, na vidole unavilegeza papo hapo ili sauti ife. Chak. Ni mlio mfupi kama panga linaloingia kwenye nazi. Kwa nyuzi mlizonifungia, G zinaendelea kunguruma baada ya pigo, na muziki wote unakuwa tope.

Monroe alipiga mandolini moja karibu maisha yake yote tangu miaka ya 1940, aina ya F-5 ya kampuni ya Gibson, yenye saini ya Lloyd Loar, mhandisi wa kampuni hiyo, ya tarehe 9 Julai 1923. Mwaka 1985 mtu aliingia nyumbani kwake akaivunjavunja. Fundi Charlie Derrington aliunganisha vibanzi vyake kimoja kimoja, na mzee akarudi kuipiga. Yangu haina saini ya mtu, niliinunua kwa baharia, na ina ufa mdogo ubavuni niliouziba mwenyewe. Ila sikuwaomba mniunganishie vibanzi. Niliomba nyuzi nane.

Basi, ninachotaka ni hiki. Mnirudishie Sh 135,000 zote, kwa sababu sikupata nyuzi nilizolipia wala ufundi nilioulipia. Daraja nimelirudisha mwenyewe, hiyo siwadai. Kama mnazo nyuzi halisi za mandolini zenye vitanzi, niambieni bei na nitanunua, sina kinyongo; na kama hamna, semeni hamna. Hapa Tanga upepo wa bahari unakula nyuzi, nazibadilisha kila mara, kwa hiyo mimi ni mteja wa kudumu kwa yeyote atakayeniambia kweli. Na mwondoe yale maneno "nyuzi za mandolini" kwenye seti mnazozichambua kutoka za gitaa, kwani kuna vijana wanaoanza ambao watadhani kasoro ni yao. Mimi mwenyewe, na umri huu, nilikaa siku mbili nikijilaumu vidole.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita bila jibu, nitaipeleka Tume ya Ushindani pamoja na vielelezo vyake.

Wenu mteja,

(sahihi)
Mpiga mandolini, Tanga

Viambatisho: nakala ya risiti, karatasi ya vipimo vya mikromita, picha mbili za daraja, kabla na baada, uzi wa E uliokatika. Fundo sijaligusa.