Barua kwa rafiki: kwa nini Maduro alikwenda mahakamani mwenyewe

Rafiki yangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba nyote hamjambo. Swali lako limenikaa kichwani: ikiwa Rais Nicolás Maduro alikuwa na tume ya uchaguzi, jeshi na polisi mkononi, kwa nini siku tatu tu baada ya uchaguzi wa Julai 28, 2024 alikwenda mwenyewe Mahakama ya Juu ya Venezuela kuomba matokeo yahakikiwe? Tumezoea kwamba anayekwenda kulalamika ni aliyetangazwa kuwa ameshindwa.

Kwa maoni yangu, alikwenda kwa sababu aliijua hukumu kabla shauri halijasikilizwa, kwani mahakama ile ilikuwa imefinyangwa kwa miaka ishirini. Mwaka 2004, enzi ya Rais Hugo Chávez, mtangulizi wa Maduro, ilipitishwa sheria iliyoongeza majaji kutoka 20 hadi 32, na viti vipya vikajazwa watu wa upande wa serikali. Desemba 2009 jaji María Lourdes Afiuni alimwachia kwa masharti mfanyabiashara aliyekuwa amekaa mahabusu zaidi ya miaka miwili bila kuhukumiwa. Jaji huyo akakamatwa siku hiyo hiyo, na Chávez akadai kwenye televisheni afungwe miaka 30. Fikiria jinsi hakimu mwingine alivyolala usiku ule, ukizingatia kwamba wengi wao huko ni wa muda na huweza kuondolewa bila hata kusikilizwa.

Lakini tukio ninalolirudia sana ni la mwishoni mwa 2015. Upinzani ulipata viti 112 kati ya 167 vya Bunge, yaani theluthi mbili bila kiti hata kimoja cha ziada. Bunge lililokuwa linamaliza muda wake likaharakisha mambo, na Desemba 23 likateua majaji wapya 13 wa Mahakama ya Juu. Wiki moja baadaye, kitengo cha uchaguzi cha mahakama hiyo kikasimamisha wabunge wa jimbo la Amazonas, watatu kati yao wakiwa wa upinzani, na theluthi mbili ikatoweka kwa amri ya kurasa chache.

Sasa rudi 2024. Wavenezuela hupiga kura kwa mashine, na kituo kinapofungwa kila mashine huchapa karatasi ndefu ya matokeo, mfano wa risiti, ambayo mawakala wa vyama wana haki ya kupewa nakala yake. Mawakala wa upinzani walizikusanya karatasi hizo, na viongozi wao wakaweka mtandaoni zaidi ya asilimia 80 ya zote, ambazo kwa hesabu yao zilimpa mgombea wao, Edmundo González, takriban asilimia 67. Tume ilimtangaza Maduro kuwa mshindi kwa zaidi kidogo ya asilimia 51, lakini haikutoa matokeo ya kituo kimoja kimoja. Mahakama nayo, ikiongozwa na Caryslia Rodríguez, aliyewahi kuwa diwani wa chama cha Maduro jijini Caracas, ilisema Agosti 22 kwamba imekagua nyaraka na ushindi ni halali. Nyaraka zenyewe wananchi hawakuonyeshwa.

Linganisha na Kenya mwaka 2017. Mahakama ya Juu iliyoongozwa na David Maraga iliagiza mitambo ya tume ifunguliwe ikaguliwe. Tume ilipokosa kutii kikamilifu, majaji walio wengi walilihesabu hilo dhidi yake, na Septemba 1 wakabatilisha uchaguzi wa rais. Kukataa kuonyesha ushahidi kulimgharimu mkataaji Nairobi, ilhali Caracas kulimpa ushindi.

Unaweza kusema kwamba mhuri wa mahakama kama ile haumdanganyi mtu. Ni kweli, ila nadhani haukukusudiwa kumshawishi mpiga kura. Mhuri huo ni kwa ajili ya ofisa, mwanajeshi na mwendesha mashtaka anayehitaji karatasi ya kushika anapotekeleza agizo. Hukumu ile ile ya Agosti 22 ilitamka kwamba González ameidharau mahakama kwa kutoitikia wito wake. Septemba 2 ikatolewa hati ya kumkamata, na kabla wiki haijaisha alikuwa ameshakimbilia Hispania.

Niandikie kama unaona vingine, hasa kuhusu majaji, kwani najua wewe huwahurumia zaidi yangu. Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi rafiki yako.